Boriti Imekalia Nini?

Kitale
18 Agosti 2003

Kwa Mwalimu Nakhungu,

Salamu kutoka Kitale, natumaini hujambo huko Bungoma. Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Wangu Kagwe, yule msichana wa darasa lako la mekanika uliyemwambia mbele ya wenzake kwamba anaandika saba kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Bado naandika hivyo hivyo. Anwani yako nimepewa na karani wa chuo. Alinionya nisihangaike na simu, ati tangu ustaafu masikio yamekataa kazi kabisa. Pole sana, Mwalimu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Huu ni mwaka wa tatu nikiitwa injinia. Nimeajiriwa na Bwana Munene, mwenye karakana hapa mjini. Tunatengeneza trela za matrekta, minara ya matangi na maghala ya mahindi. Mafundi wako tisa, injinia ni mimi peke yangu. Nikikosea hakuna wa kunionyesha, na nikipatia vilevile hakuna. Kusema kweli nimechoka, na si uchovu wa kulala Jumapili ukaisha. Asubuhi naamka nao, tunakunywa chai pamoja.

Mwezi uliopita Munene alinunua kompyuta ya mtumba. Ndani yake kuna programu ya finite element, ile hesabu ya kukata chuma vipande vipande na kutafuta kitapinda kiasi gani. Aliniambia, "Wangu, watu wa Eldoret wote wanatumia hii. Jifunze." Kisha akaenda zake. Chuoni, unajua mwenyewe, silabasi haikufika huko. Nina kitabu cha fotokopi, lakini ukurasa wa kwanza tu una hesabu za kutisha, nikakifunga. Nikibonyeza programu inanipa rangi nzuri, nyekundu, kijani, buluu. Sijui kama ni ukweli au ni mapambo.

Nimejipa zoezi. Boriti ya chuma ya mita sita, inabeba sakafu ya juu ya ghala la mahindi. Juu yake magunia safu tano, kama sabini na tano hivi kwa boriti moja. Je, itabeba? Nianzie wapi, Mwalimu? Ni zoezi tu la kujifunza, usijisumbue sana. Lakini ukiweza, jibu mapema.

Mwanafunzi wako,
Wangu


Bungoma
30 Agosti 2003

Wangu,

Mulembe. Nakukumbuka sana. Saba zako zilinipeleka kwa daktari wa macho kabla ya wakati wangu. Simu usinitajie. Hapa nyumbani simu ni ya binti yangu Ivy. Mimi hujua imelia nikimwona ametoka nje mbio akitabasamu.

Umemwuliza mtu anayefaa. Hesabu ya vipande naijua vizuri, ni vile tu chuo hakikunipa nafasi ya kuifundisha. Sasa sikiliza.

Ng'ombe mzima haingii kwenye sufuria. Unamkata. Basi na boriti ni hivyo. Boriti nzima ni ngumu kuielewa, lakini kipande chake kidogo ni kama springi: ukikivuta kiasi hiki kinasogea kiasi hiki. Ukijua kila kipande kinavyosogea, na ukajua vipande vimeungana wapi, unaweza kujua boriti nzima inafanya nini. Pale vinapoungana ndipo huitwa nodi. Hayo mengine yote kwenye kitabu ni adabu ya kuandika hesabu nyingi kwa pamoja.

Kwa hiyo funika hiyo kompyuta kwa gunia. Nenda kwa fundi wa baiskeli, omba springi mbili za kiti, moja ngumu na moja legevu. Ziunganishe, zining'inize, funga mkebe wa gorogoro uliojaa mahindi chini yake. Kwanza piga hesabu kwa penseli kila moja itarefuka kiasi gani. Kisha pima. Penseli na rula zikikubaliana, niandikie. Zikikataa, rudia. Mtu anayeanzia kwenye rangi ni kama anayejifunza kuendesha gari kwa kupaka gari rangi.

Na ule chakula. Barua yako ina njaa.

Mwalimu wako,
B. Nakhungu


Kitale
10 Septemba 2003

Mwalimu,

Nimefanya ulivyosema. Mafundi walinicheka, ati injinia mzima anapima kilo za mahindi kwa springi ya baiskeli. Lakini penseli na rula zimekubaliana! Nilikosea mara mbili, ya tatu nikapata. Sijafurahi hivyo tangu nimalize chuo, nakwambia ukweli.

Nikarudi kwenye kompyuta, nikaikata ile boriti vipande kumi. Programu iliniuliza ncha zake mbili zikoje. Nilijaribu chaguo hili na lile, kila mara inaniletea maneno mekundu kwamba boriti inaelea. Nilipochagua "zimeshikwa kabisa" ikatulia, ikakubali. Nikaweka magunia sabini na tano. Jibu: boriti inapinda milimita nane katikati. Nane ni kidogo, sivyo? Nikapumua.

Sasa shida. Nilichora pia kibao cha chuma kilichochomelewa karibu na ncha. Kwenye kona yake kali mkazo unatoka mia na arobaini. Nikikata vipande vidogo zaidi unakuwa mia na tisini. Nikivikata vidogo tena, mia mbili na sitini. Kila nikitafuta ukweli kwa karibu, unazidi kuwa mbaya! Mpaka unapita kile chuma kinaweza kubeba. Stima imepotea mara mbili nikiwa katikati, kompyuta ikazima, nikaanza upya. Wiki hii nzima sijalala vizuri. Nikifunga macho naona ile kona nyekundu.

Tafadhali niambie ni mimi nimekosea au ni boriti.

Wangu


Bungoma
26 Septemba 2003

Wangu,

Samahani nimechelewa. Malaria kidogo.

Kona kali ni uongo wa penseli. Duniani hakuna kona kali kama ile uliyochora. Fundi akichomelea, pale panajaa chuma, panakuwa mviringo. Lakini kompyuta inaamini mchoro wako neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Umeiambia kona ni kali bila mwisho, basi nayo inakupa mkazo bila mwisho. Ukiikimbiza hiyo namba utakimbia hadi Suam na utavuka mpaka uingie Uganda. Iache.

Angalia namba ya kupinda. Hiyo ndiyo hutulia. Ukikata vipande kumi, ishirini, arobaini, inabaki karibu palepale.

Lakini sikiliza, usiiamini kompyuta, na usiniamini mimi, kabla hujapima kitu. Tafuta boriti ya kweli inayofanana na ya zoezi lako. Funga uzi wa mwashi kutoka ukuta hadi ukuta, chini ya chuma, ukaze mpaka uimbe. Pima nafasi kati ya uzi na chuma. Pandisha mzigo juu. Pima tena. Nafasi ikipungua milimita kadhaa, hizo ndizo boriti imepinda. Uzi hauna siasa.

Jambo moja linanishangaza. Zoezi likikosewa mtu hupata sufuri akaenda kula. Mbona hili linakunyima usingizi?

B. Nakhungu


Kitale
9 Oktoba 2003

Mwalimu wangu mpendwa,

Nane! Nane, Mwalimu!

Ngoja nianze vizuri. Kuna ghala moja jipya la kikundi cha wakulima kule Endebess, lina boriti kama ya zoezi langu. Jumanne nilikwenda na uzi wa mwashi na rula ya chuma. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, mvua imeninyea, na jana yake tulikuwa na kazi ya trela mpaka usiku. Mwenyekiti wao, Mzee Wachira, aliniangalia nikifunga uzi akauliza kama naanika nguo. Mahindi mapya hayajaingia, lakini walikuwa na magunia kumi na matano yaliyobaki ya msimu uliopita. Wapagazi wakayapandisha, wakayapanga juu ya boriti ya katikati.

Chini ya sakafu ile huketi akina mama wa kuchambua mahindi. Mkubwa wao ni Mama Peris, macho yake ni makali kama ya kuku. Yeye ndiye aliyenishikia rula. Nilimwuliza nafasi imepungua milimita ngapi. Akarudia mara mbili, "Nane. Nane kabisa." Kompyuta ilisema nane, na uzi unasema nane. Mwalimu, nililia pale pale. Mama Peris alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. "Oneni injinia analilia uzi!" Kisha akanipa githeri ya mahindi na maharagwe kwenye kifuniko cha sufuria, nikala nikiwa nimesimama.

Nafikiri zoezi limekwisha. Asante sana. Mzigo umenitoka mgongoni. Wiki ijayo mavuno yanaanza kuingia, karakana nayo itajaa matrela yaliyovunjika, kwa hivyo nikikawia kuandika usinihesabie kosa.

Mwanafunzi wako mwenye furaha,
Wangu


Bungoma
14 Oktoba 2003

Wangu,

Barua yako imefika leo saa nne. Sitaitumia posta. Nampa Hillary, jirani yangu anayeendesha lori la maziwa, akuwekee hii mkononi.

Kompyuta ilisema nane kwa magunia sabini na tano. Uzi umesema nane kwa magunia kumi na matano. Soma tena mstari huo polepole.

Ile boriti imepinda mara tano ya ulivyotarajia. Wakipanga safu zote tano itapinda arobaini, ikiwa itakubali kufika huko.

Sasa nijibu: ncha za boriti zimekalia nini? Umeiambia kompyuta zimeshikwa kabisa. Nani amezishika?

Na swali la pili ni hili. Ghala hili lilichorwa na nani, Wangu? Kama kuna mtu chini yake, mtoe kwanza, uandike baadaye.

Nakhungu


Kitale
17 Oktoba 2003

Mwalimu,

Hillary alinikuta karakana lori likinguruma. Nilisoma nimesimama. Nilipofika pale pa kumi na matano nikakalia tairi.

Imekalia tofali. Nilikuwepo wakati waashi wanaiweka. Waliilaza juu ya ukuta na saruji kidogo, kama mtu anavyolala kwenye benchi. Hakuna boliti, hakuna kilichoshika ncha hata moja. Nililiona kwa macho yangu mawili, kisha nikaketi mbele ya kompyuta nikachagua "zimeshikwa kabisa" kwa sababu ndilo jibu lililoondoa maneno mekundu.

Nilimwomba Hillary anipeleke Endebess. Alikwenda na maziwa yake yote, akilalamika njia nzima kwamba yataganda, lakini hakupunguza mwendo. Mungu ambariki.

Hawakuwa wameningoja. Mvua imewaharakisha watu kuvuna, na mahindi yameingia mabichi, gunia moja linashinda kilo mia badala ya tisini. Safu tatu zilikuwa tayari juu. Wapagazi walikuwa wanaanza ya nne. Chini, Mama Peris na wenzake sita wanachambua na kuimba. Uzi wangu ulikuwa bado umefungwa. Nilipima haraka haraka. Ishirini na tisa.

Nilipiga kelele watoke. Walidhani nimepandwa na wazimu. Mama Peris alisema, "Si ulisema nane, ukalia?" Nikamshika mkono nikamvuta, mwanamke wa umri wa mama yangu, nikamvuta kama mtoto. Mzee Wachira akaja, na wakulima nyuma yake, na wapagazi wakiwa na magunia mabegani. Akauliza, "Injinia, nani amekosea hapa?" Nilitaka kusema kompyuta. Nilitaka kusema Munene. Nikasema, "Ni mimi. Nimekosea mimi." Mvua ilikuwa inanyesha hata sikujua kama wamesikia, nikalazimika kusema tena kwa sauti.

Waliteremsha magunia mpaka jioni. Turubai hazikutosha. Arobaini na kitu yamelowa, na yaliyokuwa mabichi yameanza kupata joto ndani. Mzee Wachira hakunitukana. Aliniambia tu, "Haya mahindi ni ya mwaka mzima, binti yangu." Afadhali angenitukana.

Sasa nikuambie lile ambalo umeshaliona. Halikuwa zoezi. Ghala hilo nilichora mimi mwezi wa Mei. Nilipoanza hesabu kwa mkono, ile uliyotufundisha, ilitoka boriti nzito zaidi. Munene akasema hiyo hatuna uani, tuna hii nyepesi. Nikajiambia labda nimekosea hesabu, nikaikunja karatasi, nikatia saini mchoro. Kompyuta ilikuja baadaye. Sikujifunza ili nijue, Mwalimu. Nilijifunza ili iniambie sikukosea. Nilitaka nane, nikaona nane.

Niliona aibu kukwambia. Nilifikiri ukijua nimeshatia saini hutanifundisha.

Ghala liko tupu na mvua inaendelea. Nifanye nini?

Wangu


Bungoma
18 Oktoba 2003

Wangu,

Hii pia inakuja na Hillary, na ameniagiza nikwambie unamdai maziwa lita mia mbili. Nimemwambia ni yeye anayekudai. Amesema vyovyote vile.

Kwanza kazi. Weka nguzo katikati ya kila boriti. Mkaratusi mnene, mkavu, unatosha. Mita sita zikigeuka tatu na tatu, kile chuma chepesi kitabeba bila kuhema. Lakini usiisimamishe nguzo juu ya udongo, maana utarudi kwenye swali lile lile: nguzo imekalia nini? Chimba mpaka udongo mgumu, weka jiwe na zege. Piga hesabu kwa mkono kwanza. Tumia ile karatasi uliyoikunja, ilikuwa sawa.

Sasa hasira zangu. Nimekukasirikia tangu jana, Ivy ni shahidi. Kama ungeniandikia mwezi wa Agosti, "Mwalimu, nimejenga ghala na wanawake saba wanaketi chini yake," nisingekutuma kwa fundi wa baiskeli! Nisingekuambia habari za ng'ombe na sufuria. Ningekuuliza swali moja tu, la mwaka wa kwanza, boriti imekalia nini, nawe ungenijibu tofali, na tungemaliza kwa barua mbili. Mficha uchi hazai, Wangu.

Nimeandika methali hiyo nikakaa nikiiangalia. Basi nami nivue.

Hesabu ya vipande sikuwa naijua. Siku barua yako ya kwanza ilipofika nilimtuma Ivy kwenye saiba, ile nyumba ya intaneti hapa mjini, akanitolea kitabu kurasa mia mbili na kumi. Kila barua niliyochelewesha, sikuwa na malaria, nilikuwa nasoma. Mchana kutwa, kwa miwani miwili. Nilikuwa nimekutangulia sura moja, wakati mwingine nusu sura. Ile habari ya kona niliielewa asubuhi, nikakuandikia jioni kwa sauti ya mtu aliyezaliwa nayo.

Unajua ni kwa nini? Miaka sita sasa hakuna aliyeniuliza kitu. Watu hunisalimia kwa kunipungia mkono, kwa sababu kunisemesha ni kazi. Ikaja barua inasema "Mwalimu, nianzie wapi?" Nikashindwa kuandika neno sijui. Kwa uzee huu wote bado naona haya kusema sijui.

Uliponiandikia umechagua "zimeshikwa kabisa," niliupita mstari huo. Niliusoma kwa macho yangu. Habari ya ncha za boriti na jinsi zinavyoshikwa iko sura ya sita. Mimi nilikuwa ya nne. Nilidhani ni jambo la kompyuta, kumbe ni jambo ninalolijua kwa miaka thelathini na tano, nimelifundisha kwa chaki mpaka koti likawa jeupe. Wewe uliacha unachokijua kwa ajili ya usichokijua, nami nikafanya vilevile, tukawa wawili. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na Mzee Wachira mbele yangu kwenye mvua. Ulilosema pale mimi sijawahi kulisema mbele ya watu maishani mwangu.

Hao kina mama wako salama? Niandikie hilo hata kama huna nguvu ya kuandika lingine.

Bramwel Nakhungu


Kitale
20 Novemba 2003

Mwalimu,

Wako salama. Najua nimekawia, na ile karatasi ya mstari mmoja niliyompa Hillary haikutosha. Sikuwa na zaidi.

Nguzo zimesimama, tano, moja kwa kila boriti, juu ya jiwe na zege kama ulivyoagiza. Karatasi iliyokunjwa niliipata ndani ya kitabu cha fotokopi, hebu fikiria, nilikuwa nimeitumia kuweka alama ukurasa. Mahindi yamerudi juu, safu tano, mabichi vilevile. Nimehamisha rula kati ya nguzo na ukuta, maana katikati hapapindi tena. Uzi unasema mbili. Kwenye kompyuta nimeziachia ncha zilale tu, nikagundua maneno mekundu yalikuja kwa sababu nilikuwa sijaizuia boriti kuteleza pembeni. Jambo dogo hivyo! Kompyuta inasema moja na kidogo. Hiyo iliyobaki nafikiri ni nguzo kukaa sawa kwenye jiwe lake.

Munene alisema nisiandike popote yaliyotokea. Nimechora mchoro mpya. Kwenye kila ncha nimeandika, "Imelala juu ya tofali, haikushikwa," nikatia saini na tarehe, nikampa Mzee Wachira nakala. Tangu hapo Munene hanipi michoro. Nasimamia upakaji rangi wa milango. Mwakani sijui nitakuwa wapi. Uchovu bado upo, ila sasa nikilala nalala.

Habari zako nilizisoma mara nyingi. Mwanzoni nami nilikasirika. Baadaye nikamwona mzee na miwani miwili na kurasa mia mbili na kumi, nikacheka peke yangu kwenye rangi ya milango, fundi mmoja akauliza kuna nini. Mwalimu, nimeifungua sura ya sita. Zoezi la tatu limenishinda, nimekunakilia nyuma ya barua hii. Lifanye nawe, tutumiane majibu. Ukikwama andika umekwama. Mimi nitaandika hivyo hivyo.

Sasa hao kina mama. Siku tisa walikataa kuingia. Walichambua nje chini ya turubai, mvua ikiwapiga miguuni, na hakuna aliyeweza kuwalazimisha. Nami nani angenisikiliza? Siku ya kumi Mama Peris aliingia peke yake, akazunguka kila nguzo, akaipiga teke. Kisha akawaita wengine. Kwenye nguzo ya kwanza amepigilia msumari, anatundika kabuti yake.

Mimi nilikuja kufungua uzi wangu, nikijua kazi imeisha. Akanishika mkono. "Uache hapo."

Nikamwambia, "Mama, imekwisha, ni salama sasa."

Akasema, "Ile siku tulipopata nane pia uliniambia hivyo, tukafurahi sote. Usinielewe vibaya, binti yangu. Lakini sasa nataka kujisomea mwenyewe."

Iliniuma, Mwalimu, siwezi kukuficha. Nilibaki nimeshika ncha ya uzi kama mjinga. Kisha nikamwachia na rula pia. Ameifunga kwa waya kwenye boriti, na pale penye mbili ameweka alama kwa rangi nyekundu ya kucha ya binti yake. Kila asubuhi kabla mtu hajaketi, anainama, anasoma, anawatajia.

Jana nilipita Endebess na milango. Nilimkuta ameinama hapo chini ya uzi, na wenzake wamesimama na nyungo zao wakingoja. "Mbili," akasema. Wakaketi. Hakuna aliyeniangalia. Nilitafuta ndoo, nikaigeuza, nikaketi kati yao chini ya ile boriti, nikachambua mahindi nao mpaka saa sita.

Wangu